Wazee wako wapi? Neno juu ya sinema "Footloose"



Pengine mtashangaa kusikia kwamba katekista amekaa karibu saa mbili akitazama sinema ya vijana wa Marekani wanaocheza dansi. Sisi wenyewe tulishangaa. Sinema hiyo si mpya. Ilitoka mwaka 1984, nasi tulikuwa bado hatujazaliwa. Inaitwa "Footloose", jina linalomaanisha mtu asiyefungwa miguu, aendaye apendako. Tulipokuwa seminari hatukuonyeshwa sinema hiyo, wala hatukuitafuta. Sasa tumeiona, na kwa kuwa imetuondolea usingizi siku kadhaa, twapenda kuwaeleza ni kitu gani, ina wema gani, ina upungufu gani, na kwa nini yatuhusu sisi watu wa Kisangani.

Jinsi tulivyoalikwa

Ilikuwa Jumamosi jioni, katika jumba la parokia moja ya mji wetu. Vijana walitundika shuka jeupe ukutani, wakaazima chombo cha kutupia picha, wakakiunga na kompyuta. Nje jenereta ilinguruma, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Watu walikuja kwa miguu na kwa toleka. Wengine walitoka ng'ambo, Lubunga, wakavuka mto kabla ya jua kuchwa, wakiwa wamekwisha kujitafutia pa kulala kwa ndugu zao. Maneno ya sinema yalikuwa ya Kifaransa. Kijana mmoja alisimama kando ya shuka akiyageuza kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee na akina mama, na palipomshinda alitia Kilingala, watu wakacheka.

Tuseme kweli tangu mwanzo: vijana hao hawakutualika ili tufurahi tu. Walikuwa na kesi nasi. Mwaka uliotangulia, siku ya sikukuu ya somo wa parokia, walicheza dansi katika jumba lile lile mpaka usiku. Wengine waliingiza pombe kwa siri. Wakati wa kurudi, vijana watatu walipanda pikipiki moja, wakaanguka barabarani. Wawili walichubuka tu. Wa tatu alivunjika mguu, akalala miezi mitatu, akakosa mtihani wa Serikali wa kumaliza shule. Mama yake alikuja kwetu, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Alisema: "Mwalimu, mtoto nilimtuma kanisani, nanyi mmenirudishia kilema." Hatukuwa na jibu. Jumapili iliyofuata baraza la parokia likakata shauri kwamba dansi imekwisha katika jumba lile, mchana na usiku. Sisi ndio tuliosoma tangazo hilo baada ya Komunyo. Tulilisoma kwa sauti ya nguvu, tukaona tumefanya kazi ya mchungaji mwema.

Basi kiongozi wa vijana alipotujia na kusema, "Mwalimu, tunakuomba uje kutazama sinema moja pamoja nasi, sisi hatutasema neno, wewe utazame tu," tulifahamu kwamba pana jambo. Tulikwenda tukiwa tumekwisha kuikataa moyoni kabla ya kuiona. Msomaji atuhukumu.

Hadithi yenyewe

Kijana mmoja, Ren McCormack, anatoka mji mkubwa wa Chicago pamoja na mama yake, baada ya baba kuwaacha. Wanakuja kukaa kwa ndugu zao katika mji mdogo wa wakulima uitwao Bomont. Huko anaambiwa neno asiloweza kulisadiki: ni marufuku kucheza dansi. Aliyewashawishi wakubwa wa mji watunge sheria hiyo ni mchungaji wa Kiprotestanti, jina lake Shaw Moore. Miaka michache nyuma mtoto wake wa kiume alikufa katika ajali ya gari, akitoka usiku katika dansi na ulevi. Baba alimzika mwana, kisha akataka dansi nayo izikwe.

Mchungaji huyo anaye binti, Ariel. Mbele ya baba ni mtoto wa kanisa; nyuma yake anasimama kati ya magari mawili yaendayo kasi, anasimama mbele ya treni mpaka karibu kusagwa, na anafuatana na kijana mkorofi ambaye mwishowe anampiga. Ren anapata kazi katika kinu cha nafaka. Anamfundisha kucheza rafiki yake Willard, mtu mwenye nguvu lakini miguu yake haisikii mdundo. Halafu anaomba wanafunzi wa mwaka wa mwisho waruhusiwe kufanya karamu ya dansi. Anasimama mbele ya baraza la mji na Biblia mkononi, baraza linamkatalia. Tajiri wake wa kazi anamfumbua macho kwamba kinu chenyewe kiko nje ya mpaka wa mji, mahali ambapo sheria haifiki. Mwishowe mchungaji anawaomba waumini wake wawaombee vijana hao. Karamu inafanyika kinuni. Mchungaji na mkewe wanasimama nje, gizani, wakisikiliza muziki. Kisha wanacheza wawili peke yao, jambo wasilolifanya miaka mingi.

Msidhani kwamba hadithi hii imebuniwa yote. Katika jimbo la Oklahoma, huko Marekani, kuna mji mdogo uitwao Elmore City. Tangu mwaka 1898 sheria ya mji huo ilikataza kucheza dansi. Mwaka 1980 wanafunzi wa shule ya sekondari waliomba ruhusa ya kufanya karamu yao ya mwisho. Watu walibishana sana, na mwishowe waliruhusiwa. Dean Pitchford alizipata habari hizo, akaandika hadithi ya sinema, na maneno ya nyimbo zake pia. Aliyeongoza upigaji wa picha ni Herbert Ross, ambaye kabla ya kuingia katika kazi ya sinema alikuwa mtunga dansi za jukwaani. Ren ameigizwa na Kevin Bacon, mchungaji na John Lithgow, mkewe na Dianne Wiest. Mwaka 2011 hadithi hiyo hiyo ilipigwa upya na watu wengine. Sisi twasema juu ya ile ya kwanza tu.

Wema wa sinema hii

Tulitazamia kuona mtumishi wa Mungu akichekwa. Sinema nyingi zinapomwonyesha padre au mchungaji aliye mkali humfanya kuwa mnafiki, au mpenda fedha, au mwenye dhambi ya siri. Hapa sivyo. Mchungaji Moore ni mtu mwema. Anawapenda watu wake, anampenda binti yake, anasali. John Lithgow amemwigiza kwa heshima: kila anaposema neno kali, usoni mwake twaona uchovu wa mtu asiyelala vema. Kosa lake ni kwamba hofu imekaa mahali pa busara. Amepatwa na msiba, na badala ya kuulilia pamoja na watu wake ameugeuza kuwa sheria. Sheria haiwezi kumlilia mtu. Binti yake naye amefiwa na ndugu, lakini katika nyumba ile hakuna anayesema naye juu ya marehemu. Amepewa makatazo tu. Ndiyo maana anakwenda kusimama mbele ya treni.

Mahali pawili palitupiga moyoni. Pa kwanza ni pale mke wa mchungaji anapomwambia, kwa upole, kwamba katika mimbari anajua kuwainua watu wengi kwa mara moja, lakini kusema na mtu mmoja ana kwa ana bado hajajifunza. Akina mama waliokuwa jumbani waliguna wote pamoja. Sisi tuliinamisha macho. Tangazo letu tulilisoma mbele ya watu mia kadhaa. Lakini yule kijana aliyevunjika mguu tulikwenda kumtazama mara mbili tu kwa miezi mitatu.

Pa pili ni pale mchungaji anapokuta watu wa kanisa lake mwenyewe wamekusanya vitabu wakivichoma moto, eti vinawaharibu vijana. Hakuwatuma. Lakini ni yeye aliyewafundisha kuogopa, nao sasa wamemzidi mwalimu wao. Anawazuia na kuwarudisha nyumbani kwao, na hapo ndipo anapoanza kujiona. Sinema imesema jambo la kweli kabisa: mtu akianza kukataza kwa hofu, wanaomfuata watakataza zaidi yake. Kwetu nako, baada ya tangazo lile, wazazi wengine waliwakataza binti zao hata kwenda katika mazoezi ya kwaya, kwa sababu mazoezi huisha jioni. Hatukuwaambia hivyo. Walijazia wenyewe.

Liko jambo la tatu, dogo kwa kutazama, lakini ndilo lililotushtaki kuliko yote. Katikati ya hadithi, vijana wa Bomont wanapanda gari na kwenda mbali, mpaka katika baa iliyo nje ya eneo lao, na huko wanacheza. Maana yake nini? Sheria ya mchungaji haikuiua dansi, iliihamisha tu. Iliitoa mahali penye macho ya wazazi, ikaipeleka mahali penye chupa na watu wasiojulikana. Jumba lilikaa kimya. Kila mtu alijua kwamba tangu tangazo letu vijana wa parokia ile hawakuacha kucheza. Walihamia katika nganda zilizo karibu, ambako hakuna anayeuliza mtoto ana miaka mingapi.

Biblia mbele ya baraza

Wasomaji wetu wengi watapenda kusikia juu ya pale Ren anaposoma Maandiko mbele ya baraza la mji. Ni Ariel aliyemwonyesha mahali pa kusoma. Anataja Zaburi ya 149, inayowaalika watu kumsifu Mungu kwa kucheza. Anataja kitabu cha Mhubiri, sura ya 3, kinachosema kwamba kila jambo lina wakati wake. Anamtaja Daudi aliyerukaruka mbele za Bwana. Vijana waliokuwa jumbani walipiga makofi kama watu walioshinda kesi mahakamani.

Sisi tuliosoma Maandiko hatukuona kwamba kesi imekwisha. Wazee wa baraza lile wangeweza kumjibu kijana kwa Biblia hiyo hiyo. Waisraeli walicheza kuizunguka ndama ya dhahabu, Kitabu cha Kutoka, sura ya 32. Binti wa Herodia alicheza vizuri mno, na mshahara wa mchezo wake ulikuwa kichwa cha Yohane Mbatizaji, Injili ya Marko, sura ya 6. Miriamu alicheza na tari baada ya kuvuka bahari. Na watu wale wale baadaye wakacheza mbele ya sanamu. Maandiko yanajua dansi njema na dansi mbaya, wala hayasemi kwamba miguu ndiyo inayotofautisha. Yanatazama ni nani anayechezewa. Kijana Ren hakuambiwa hayo, na mtunga sinema hakutaka tuyafikiri. Twaona huo ni udhaifu: ameitumia Biblia kama kijana anayetafuta barua ya ruhusa.

Lakini hadithi ya Daudi ina mtu mwingine ambaye sinema haikumtaja. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 6, Mikali binti Sauli hakuwa katika mkutano. Alikuwa dirishani. Kutoka dirishani alimwona mfalme akicheza, akamdharau moyoni. Usiku ule, tulipokuwa tukirudi nyumbani, neno hilo la dirisha lilitufuata njia nzima, kwa sababu ya swali aliloliuliza mama mmoja mzee.

Upungufu wa sinema

Mama huyo ni wa chama cha akina mama wa parokia. Amewafundisha kucheza wasichana wa Gloria kwa miaka mingi. Sinema ilipoanza haikuonyesha uso wa mtu. Ilionyesha miguu tu: viatu vya kila namna, vikicheza mbele ya macho yetu kwa dakika kadhaa. Mama akauliza kwa sauti: "Miguu ya nani hii?" Watu wakacheka. Ilipofika karamu ya mwisho, vijana wa Bomont kwanza walisimama kwa haya, wavulana upande huu, wasichana upande ule. Punde wakaanza kucheza, na kumbe wote ni mafundi: mmoja anajizungusha chini, mwingine anatembea kama mtu wa chuma. Mama akauliza tena, safari hii hakuna aliyecheka: "Nani amewafundisha hawa? Wazee wao wako wapi?"

Hapo ndipo penye upungufu mkubwa wa sinema hii, na mama mzee aliuona kabla yetu. Vijana waliokatazwa kucheza miaka yote wanatoka wapi na ufundi ule? Willard peke yake ndiye tuliyemwona akifundishwa. Ni kweli kwamba hata Kevin Bacon mwenyewe hakuruka yote tunayoyaona katika ile dansi ya hasira, anapocheza peke yake katika ghala. Walitumiwa watu wengine wenye viungo vyepesi, na picha zikakatwa vipande vipande ili tusitambue. Hiyo ni kazi ya sinema, hatuilaumu. Lakini kosa la wazo ni jingine. Mtunga sinema anadhani kwamba dansi ni mali ya vijana, na kwamba kazi ya wazee ni mbili tu, kukataza au kuruhusu. Tazameni mwisho wake: mchungaji amebadilika moyo, amewaombea vijana, amefika mpaka kinuni, lakini haingii. Anacheza nje, gizani, na mkewe. Mtunga sinema aliona huo ni ushindi. Mama wetu aliona ni huzuni. Vijana wako ndani bila wazee, wazee wako nje bila vijana, na ukuta ungali umesimama. Wametoka katika dirisha la Mikali wakahamia katika dirisha lingine lenye upole zaidi.

Ndiyo maana hata kule kinuni wale wakorofi wanapokuja kuwapiga vijana, hakuna mtu mzima wa kusimama mlangoni. Ren na Willard wanawajibu kwa ngumi, kisha wanaingia kucheza. Watazamaji walishangilia ngumi zile kuliko dansi. Sisi tulikumbuka pikipiki.

Dansi kwetu

Katika Kiswahili twasema kucheza kwa mchezo wa watoto na kucheza kwa dansi, neno ni moja. Na ngoma ni chombo kinachopigwa, tena ni mkutano wa watu wanaocheza. Katika vijiji vya mto na vya msitu wa Tshopo, mtoto alijifunza kucheza akiwa amefungwa mgongoni mwa mama, kabla hajajua kutembea. Mwanzo wa ngoma ulikuwa wa wazee. Mzee aliingia kwanza, akakanyaga ardhi polepole, vijana wakamfuata. Aliyevuka mpaka wa adabu aliondolewa hapo hapo, na aliyemwondoa alikuwa shangazi yake, naye alikuwa mwenyewe akicheza. Hata leo katika matanga, mama mwenye miaka sabini ndiye anayeanzisha wimbo, na kijana hathubutu kucheza upuuzi mbele yake.

Mapadre wa kwanza walipofika Stanley Falls mwaka 1897, wakiongozwa na Padre Gabriel Grison, walikuta ngoma hizo. Tuwatendee haki wamisionari: walikuwa na mapendo na ujasiri, na wengi walizikwa katika nchi hii. Lakini katika sehemu nyingi za Kongo ya wakati ule, wamisionari walizikataa ngoma za usiku kwa Wakristo, maana hawakuweza kutambua upesi ipi ni ya furaha, ipi ni ya matambiko, ipi ni ya ulevi. Basi nao walikuwa na Bomont yao.

Kanisa halikubaki hapo. Mwaka 1958 huko Kamina, kwaya ya Padre Guido Haazen iliimba Misa iitwayo "Missa Luba", kwa sauti na ngoma za kwetu. Kisha maaskofu wa nchi yetu, pamoja na Kardinali Malula, walifanya kazi miaka mingi, mpaka tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilipoithibitisha Misale ya majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Tangu hapo, wakati wa Utukufu, padre na watumishi wanaizunguka altare wakicheza, na waumini wanacheza mahali pao. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliongoza Misa ya namna hiyo katika basilika ya Mtakatifu Petro huko Roma. Wale waliokuwa Ndolo, Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, waliona watu zaidi ya milioni moja wakimsifu Mungu kwa miguu na mikono mbele yake. Katika Utukufu, nani aliye nje? Padre yumo, mzee yumo, mtoto yumo. Hakuna anayetazama kutoka dirishani.

Na nje ya kanisa, mji wetu unalo jambo la kuuambia ulimwengu juu ya kucheza. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika mitaa yetu; wazee wetu bado wanazitaja siku zile kwa sauti ya chini. Mwana wa Tshopo, Faustin Linyekula, aliyezaliwa mwaka 1974, alianzisha mwaka 2001 huko Kinshasa kazi iitwayo Studios Kabako, ambayo baadaye aliihamishia Kisangani. Anatunga dansi za jukwaani zinazosimulia vita, magofu na majina ya waliokufa. Si dansi za kanisa, wala hatusemi kwamba zote zamfaa kila mtu. Lakini zatuonyesha kwamba mwili unaocheza waweza kukumbuka na kuomboleza, kazi ambayo mchungaji Moore aliikosa. Yeye alifiwa, akakataza watu wasicheze. Hapa kwetu watu wamefiwa zaidi yake, nao wanacheza ili wasisahau.

Yatupasayo

Sinema ilipokwisha, vijana walitimiza ahadi, hawakusema neno. Walizima kompyuta, wakakunja shuka. Sisi tulirudi nyumbani, na siku ya tatu tulikwenda kwa mama wa yule kijana. Safari hii tulikubali kukaa muda mrefu. Kijana anatembea sasa, akichechemea kidogo, na mtihani ameurudia. Tulimwambia mama: "Baada ya neno lako tulikataza dansi." Alitutazama, akasema: "Mwalimu, mimi sikusema mkataze. Mimi nilitaka kujua ni nani aliyekuwa akimwangalia mwanangu usiku ule." Hilo ndilo swali la mama mzee kwa maneno mengine. Wazee walikuwa wapi? Tujibu bila kuficha: padre alikuwa amealikwa mahali pengine, wazee wa baraza walikuwa wamekwenda kulala, nasi tulifunga vitabu vyetu saa mbili ya usiku, tukawaachia vijana ufunguo.

Tumepeleka shauri katika baraza la parokia, nalo halijakatwa. Tumeomba dansi irudi siku ya sikukuu ya somo, ianze mchana na kwisha kabla ya giza, wazee na akina mama waingie kwanza na kucheza, wasikae vitini kama polisi, pombe isiingie, na vijana warudi nyumbani kwa makundi, kila mtaa na mtu wake mzima. Wazee wengine wanasema tumelegezwa na sinema ya Wazungu. Hatuwakasirikii. Juzi nasi tulisema kama wao.

Sasa tutoe hukumu juu ya sinema yenyewe, maana ndiyo kazi tuliyoianza. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake ya tarehe 8 Septemba 1957, alizihesabu sinema, redio na televisheni kuwa zawadi za Mungu, akataka Wakristo wafundishwe kuzipima. Hata hapa Kongo wamisionari walizunguka na sinema zao vijijini. Wazee wa Kasai bado wanawakumbuka Matamata na Pilipili, wachekeshaji wa sinema za Padre Van Haelst. Basi tupime. "Footloose" si ya watoto wadogo: kuna matusi, kuna kijana anayempiga msichana, kuna michezo ya kuthubutu kifo kwa magari na matrekta ambayo mtoto mjinga angeiga, na msichana anamkiri baba yake, tena ndani ya kanisa, mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Yafaa kwa vijana wakubwa, wakiitazama pamoja na wazazi wao, na kuizungumza baadaye. Inafaa zaidi kwa wazazi, maparoko, makatekista na wazee wa baraza. Wao ndio watakaoumia kidogo, na maumivu hayo yatawafaa.

Mkiitazama, msikomee pale mchungaji anapowaombea vijana. Ni neno jema, lakini ni nusu ya njia. Mtazameni anapofika kinuni, mlango u wazi, taa zinawaka, watoto wake wamo ndani, naye anabaki nje. Kisha mjiulize, ninyi mlio wazazi: sikukuu ijayo mtakuwa upande gani wa mlango?